Mashua kubwa ya tanga ina nafasi yake Naivasha

Mhariri,

Nitashukuru ukinipa nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu hoja ambayo husikika mara kwa mara miongoni mwa wakazi wa Nairobi wanaopenda vyombo vya tanga, na ambayo msomaji mwenzangu aliieleza kwa ufasaha katika gazeti hili: kwamba mashua ya tanga ya mita 7 au 8 inayovutwa kwa trela haina kazi katika Ziwa Naivasha, kwa kuwa ziwa lenyewe ni dogo na maji yake ni haba, na kwamba mwenye chombo cha namna hiyo afadhali akipeleke Kilifi au Mombasa. Kuhusu uhaba wa maji sina ubishi naye. Ninachokikataa ni hukumu aliyoitoa, kwa sababu ameutazama urefu wa mashua badala ya kuuliza mkuku wake, yaani ule uti unaoshuka majini chini ya chombo, unahitaji maji kiasi gani.

Mashua nyingi za kiwango hiki zilibuniwa kwa ajili ya watu wasio na bahari karibu. Catalina 22 ya Marekani, kwa mfano, ina urefu wa takribani mita 6.5, na aina yake yenye mkuku wa kuinua huelea katika maji ya sentimita 60 hivi mkuku ukiwa juu, na huhitaji mita 1.5 mkuku ukiteremshwa wote. Hicho ni chombo chenye chumba cha kulala ndani, na hata hivyo kinaweza kupita mahali ambapo mtu mzima angesimama na maji yasimvuke mapaja. Mashua ndogo ya mashindano, ile ambayo mwenzangu anaiona kuwa ndiyo stahiki ya ziwa, ikishusha ubao wake unaofanya kazi ya mkuku huhitaji maji yanayokaribia mita 1. Tofauti baina ya hizo mbili si kubwa kama macho yanavyodhani mtu anapozitazama zikiwa nchi kavu. Chombo kisichofaa kabisa Naivasha ni chenye mkuku wa kudumu usioinuka, na hapo nitamuunga mkono mwenzangu bila masharti.

Hatari ya maji mafupi ipo, ila si ile aliyoitaja. Watu wa Lamu wanaojua mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, huusubiri mpaka maji yajae ndipo wapitishe vyombo vyao vikubwa, na nahodha akipwelewa hana budi ila kupika chai na kungoja, kwani bahari iliyompweleza ndiyo itakayomwinua baada ya saa chache. Ziwani hakuna maji kujaa wala maji kupwa. Aliyekwama kwenye tope la Naivasha atabaki hapo mpaka ajinasue mwenyewe, na kujinasua kwa kuruka majini na kusukuma ubavu wa mashua, kama wafanyavyo watu katika maziwa ya nchi nyingine, ni jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu atakayelifanya hapa, kwa kuwa maji ya kina hicho karibu na mafunjo ndiyo hasa makao ya viboko wakati wa mchana.

Kwa hiyo ustadi unaotakiwa ni wa kutokwama, na mkuku wa kuinua husaidia sana ukitumiwa vyema. Mabaharia wengi wageni huuinua wote mara wanapoingia maji wasiyoyajua, wakiamini kwamba hiyo ndiyo tahadhari. Mimi naona ni kinyume chake. Mkuku ukiachwa nusu, utagusa tope kabla ya tumbo la mashua kulifikia, utarudi nyuma kwenye bawaba yake, na nahodha atakuwa amepata habari mapema na bado ana kitu cha kuinua. Aliyekwisha kuuinua wote akigusa chini hana akiba yoyote iliyosalia. Usukani nao uwe wa kukunjika, maana wapo wanaokumbuka mkuku na kuusahau usukani, kisha wakauvunja. Ni busara pia kuyakaribia maji mafupi kwa kupiga bisho, yaani kuelekea kule upepo unakotoka, ili chombo kikigusa, upepo wenyewe ukirudishe nyuma kwenye kina. Anayefika huku upepo uko tezi, yaani nyuma ya chombo, atasukumwa juu ya tope kwa nguvu ile ile iliyomleta.

Ramani ya kina ya mwaka mmoja haitoshi katika ziwa hili. Naivasha halina mto wa juu ya ardhi unaotoka ndani yake, ingawa maji yake ni baridi yasiyo na chumvi kwa sababu sehemu yake hupenya chini kwa chini. Hivyo kiwango chake hupanda na kushuka kufuatana na mvua, mito ya Malewa na Gilgil, na maji yanayotumiwa na mashamba. Mwaka 2009 ziwa lilirudi nyuma sana, na kufikia 2020 lilikuwa limepanda hata likaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto. Maji yalipopanda yalifunika nyua na migunga iliyokuwa nchi kavu, na vigogo vya migunga hiyo bado vinaonekana vimesimama majini, vingine vimeanguka na havionekani kabisa. Kigogo ni kibaya kuliko tope, kwani tope humsimamisha mtu bali kigogo humtoboa. Sehemu yenye kina cha kuaminika iko upande wa Kisiwa cha Crescent, ambacho ni ukingo wa kreta ya volkano iliyozama, lakini hata huko ningemwomba nahodha awe na kipima kina cha umeme au, kikikosekana, bildi, yaani kamba ya kupimia kina yenye kipande cha risasi nchani, ambayo haijawahi kuishiwa na betri.

Kuhusu udogo wa eneo, ningependa tutofautishe. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kati ya Lang'ata na Kibera, lilikuwa na eneo la hektari 35 hivi na kina cha wastani kisichofika mita 3, na watu walitweka matanga pale kabla ya maji taka, mchanga na gugumaji kulisonga. Hebu tufanye hesabu: mashua inayokwenda noti 4, yaani kilomita 7 hivi kwa saa, hukata mita 600 kwa dakika tano. Katika bwawa la namna hiyo mashua ya mita 7 ingekuwa ikigeuzwa muda wote, na kahawa ya nahodha ingepoa kabla hajaionja. Huko hoja ya mwenzangu ingekuwa sahihi kabisa. Naivasha, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100, ni dogo likilinganishwa na Ziwa Victoria, lakini mtu anaweza kushika mwelekeo mmoja kwa saa nzima bila kuugeuza.

Lipo jambo la upepo ambalo huwafaa wenye mashua kubwa. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 17 kuliko ile ya pwani, hivyo upepo wa kasi ile ile hulisukuma tanga kwa nguvu pungufu kwa kadiri hiyo. Tanga pana la mashua kubwa hufidia upungufu huo asubuhi, wakati ziwa limetulia. Mchana hali hubadilika: upepo huamka kwa ghafla, na kwa kuwa maji ni mafupi, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama wima, yakifuatana kwa karibu mno. Wakati huo chombo kizito chenye farumi, yaani uzito uliowekwa chini ili kisipinduke, kina heri kuliko kidogo kinachopinduka, mradi nahodha awe amepunguza tanga kabla ya kulazimika kulipunguza.

Kuhusu barabara, nitasema machache. Mashua yenye farumi ya maji, kama baadhi ya zile za MacGregor, hujaza matangi yake ziwani na kuyamwaga inapotolewa, na kwa hiyo trela hupanda miinuko ya Bonde la Ufa ikiwa nyepesi kwa zaidi ya kilo 500. Maji hayo yamwagwe pale pale yalikochotwa, na trela isafishwe, ili tusihamishe gugumaji kutoka ziwa moja hadi jingine. Trela iwe na breki zake yenyewe, hasa kwa anayeteremka kwa njia ya Mai Mahiu. Na kabla ya kusimamisha mlingoti, mtu atazame juu: mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme huua.

Panapokwamisha wengi ni mahali pa kushushia. Njia nyingi za kufikia maji hupita katika mashamba na kambi za watu binafsi, na fukwe za umma, kama Kamere, ni mahali pa kazi pa wavuvi ambao hawapaswi kusukumwa pembeni kwa ajili ya starehe yetu. Ombi langu kwa Serikali ya Kaunti ya Nakuru ni kwamba, itakapojenga au kukarabati mteremko wa saruji kwenye ufuo wa umma, iupime kwa kiwango cha maji cha 2009 na pia cha 2020, ili usiishie hewani ziwa linaporudi nyuma wala kuzama wote linapopanda. Na kando yake isimikwe nguzo yenye alama za mita, ambayo mvuvi na mwenye mashua ya tanga wote wataisoma asubuhi kabla ya kuondoka. Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, ambayo tayari inasimamia usalama wa vyombo vidogo, ingeweza kuziweka alama za maboya juu ya vigogo vinavyojulikana, kwa kuwa wavuvi wanavijua kimoja kimoja na hakuna aliyewaandikia orodha ya vigogo hivyo.

Ni mimi,
Msomaji wako,
Lang'ata, Nairobi