Ami, boksi la pili sikutumii

Ami yangu, shikamoo.

Juzi kwenye simu uliniagiza nikutumie Pemba kwa boti boksi jingine la dawa za vidonda vya tumbo, lile lile la mwanzo, kwa kuwa lilikufaa. Sitalituma. Nakujibu kwa barua ya wazi kwa sababu ombi kama lako nalipokea mara kwa mara hapa kwenye duka la dawa, Unguja, kutoka kwa watu wenye heshima zao na nia njema kama wewe, na sababu ya kukataa haitoshi kuelezwa mtu akiwa amesimama kwenye kaunta na nyuma yake wateja wanasubiri.

Uliniambia kuwa siku ya nne maumivu yalikata, ukala pilau ya harusi bila kuungulika, ukaona umepona. Vidonge vilivyobaki ukampa jirani, naye analalamika tumbo. Ami, naomba unisikilize hapo kwenye siku ya nne, maana ndipo wengi wanapopotea.

Mle bokisini mlikuwa na dawa tatu. Omeprazoli kazi yake ni kupunguza asidi ya tumbo. Amoksilini na klarithromaisini ndizo zinazoua bakteria, huyu anayeitwa Helicobacter pylori, anayejificha ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo na kutengeneza amonia ya kujikinga na asidi. Kilichokutuliza mapema ni omeprazoli. Asidi ilipopungua, kidonda kikaacha kuwaka, ukalala usiku. Bakteria walikuwa bado wamo, wamepungua tu. Kwa hiyo kupoa kwa maumivu hakukwambii lolote kuhusu bakteria, na siku ya kuacha dawa haipangwi na tumbo. Inapangwa na daktari, na siku hizi mara nyingi ni siku 14 kamili, asubuhi na jioni.

Wewe ni mkulima, unaijua ndago. Ukiifyeka juu shamba linapendeza, lakini vile viazi vyake chini vikibaki, mvua ya kwanza inarudi. Hawa nao wanaobaki ndio waliozihimili dawa kuliko wenzao, na ndio wanaozaana. Ndiyo maana boksi lile lile halifai tena. Aliyewahi kumeza klarithromaisini nusu nusu, daktari kwa kawaida humbadilishia mseto wa dawa, kwa sababu bakteria wake huenda wameshaizoea. Nikikutumia la zamani nitakuwa nakupa gharama na kichefuchefu, na tumbo lako likibaki vile vile.

Basi nenda spitali, Chake Chake au Abdulla Mzee pale Mkoani, popote ulipo karibu. Mwambie daktari ukweli wote: ulimeza dawa gani, siku ngapi, ukaacha lini. Usione haya. Hakuna daktari atakayekukasirikia kwa kumpa habari anayoihitaji, na akikukaripia kidogo, vumilia, kwani habari hiyo ndiyo itakayoamua dawa yako. Chukua na boksi tupu kama bado lipo.

Tena mpelekee dawa zako zote za kila siku, hata zile unazoziona hazihusiani na tumbo. Hili ndilo linalonikosesha raha zaidi. Unatumia amlodipini kwa presha na glibenklamaidi kwa sukari. Klarithromaisini ikikutana na amlodipini inaweza kuishusha presha kupita kiasi, na ikikutana na glibenklamaidi sukari inaweza kushuka ghafla: mikono ikatetemeka, jasho jembamba likakutoka, akili ikapotea. Uliponisimulia kizunguzungu cha wiki ile, ukasema ni uchovu wa kuchuma karafuu, mimi nilifikiria mambo haya. Na wenye kumeza simvastatini ya kolesteroli hawatakiwi kuichanganya na klarithromaisini hata kidogo, misuli huweza kuharibika vibaya. Lakini usiache dawa ya presha wala ya sukari kwa uamuzi wako. Daktari ndiye atakayepanga ipi isimame na ipi iendelee.

Diklofenaki ya goti pia mwambie. Dawa za jamii hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, zenyewe zinachimba vidonda vya tumbo. Unaziba huku unatoboa kule. Muulize kama panadoli itakutosha.

Najua utaniuliza habasoda na asali. Sikukatazi habasoda, ila haishiki nafasi ya dawa za kuua bakteria, na asali kwa mtu mwenye sukari ni jambo la kuangalia sana. Pilipili na achari ya ndimu hazikukuletea ugonjwa huu. Zinauchokoza tu, kwa hiyo zipunguze mpaka kidonda kifunge. Mwaka 1984 daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, aliwanywa bakteria hawa kwa makusudi ili awaoneshe wenzake kuwa wanaleta ugonjwa tumboni, akaumwa kweli. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Kabla ya ugunduzi wao watu walikuwa wakilaumu mawazo na chakula, na kumeza dawa za asidi umri wao wote.

Sasa jirani. Naijua huruma yako, na naijua Pemba, mtu hawezi kukaa na dawa ndani huku mwenzake anagumia upande wa pili wa ua. Lakini yeye hakupimwa. Huenda hana bakteria, huenda ana jambo jengine kabisa. Amoksilini ni jamii ya penisilini, na wapo watu wakiimeza huvimba uso na midomo na kushindwa kupumua. Umemuuliza kama penisilini inamdhuru? Na dozi aliyopewa ni kipande, kwa hiyo hata kama anao, hakuponeshwa. Tafadhali mwambie aache vidonge hivyo, mwende spitali pamoja. Safari ya daladala moja kwa wazee wawili.

Kuhusu wakati: Shaabani imeshaingia, na ndiyo maana nakuharakisha. Mseto unaopewa mtu baada ya ule wa kwanza kushindwa mara nyingi una dawa nne, pamoja na bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli, na baadhi yake humezwa mara nne kwa siku. Huo hauingii ndani ya saumu. Ukianza wiki hii utamaliza kabla ya Ramadhani. Ukichelewa, usijipangie mwenyewe kubana vidonge vyote kati ya futari na daku. Aya ya 184 na 185 za sura ya Al-Baqara zinamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, wewe ndiye uliyenifundisha hayo.

Ukipewa mseto huo, usishtuke choo kikiwa cheusi, bismathi hufanya hivyo. Tetrasaiklini usiishushie kwa maziwa. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma, tumbo litalegea kidogo, yote hayo yatapita. Omeprazoli meza nusu saa au zaidi kabla ya kula. Ukisahau dozi moja, imeze ukikumbuka, lakini kama wakati wa inayofuata umekaribia iache, usimeze mbili kwa pamoja.

Kuna mambo ya kukutoa nyumbani hata usiku wa manane: kutapika damu au kitu mfano wa kahawa iliyokorogwa, choo cheusi kama lami kabla hujaanza bismathi au kikiambatana na kizunguzungu, kuharisha maji matupu au damu, upele unaosambaa, uso kuvimba. Na ukianza kukonda bila sababu au chakula kikakwama kooni, usingoje.

Dozi ikiisha, usitangaze kupona mpaka upimwe. Kipimo cha choo hufanywa zisipungue wiki nne baada ya kumaliza dawa za kuua bakteria, na wiki mbili bila omeprazoli, ama sivyo kinaweza kusema huna na kumbe unao. Kile cha damu kinachotafuta kinga ya mwili hakifai kwa kazi hii, kwani huendelea kuonesha alama hata kwa aliyepona. Kwa hesabu yangu wiki hizo nne zitatimia ndani ya Ramadhani, basi tukipange baada ya Idi. Nimeshazungumza na mdogo wangu aliyeko Wete, atakuja kukuchukua kwa vespa yake akupeleke maabara. Dawa atakazokuandikia daktari, nisomee majina yake kwenye simu kabla hujameza cha kwanza, pamoja na ya presha na ya sukari.