Kipindi cha dini kisiwe cha kuwatenga watoto tu

Ndugu Mhariri,

Kila palipofanyika kongamano la amani tunaiona picha ile ile: shehe na askofu wameshikana mikono, nyuma yao bango, ukumbi ni wa hoteli. Sina ugomvi na picha hiyo. Kamati za amani za viongozi wa dini zina kazi yake. Ila wanaokutana pale ni watu ambao tayari wanaheshimiana, na vurugu zetu mara nyingi zimeanzia chini kabisa, kwa watu wasioalikwa hotelini.

Chukulia Mbagala, Oktoba 2012. Watoto wawili, mmoja Mkristo na mwenzake Mwislamu, walibishana kuhusu Kurani, kwamba anayeidhalilisha atageuka kiumbe kingine. Yule Mkristo akataka kuhakikisha, akaikojolea. Haikuchukua muda umati ukawa kituo cha polisi ukimtaka mtoto, na makanisa kadhaa yakavunjwa na kuchomwa. Lawama zilikwenda kila upande. Mimi najiuliza kama mwalimu: nani aliwahi kumweleza mtoto yule kitabu kile ni nini kwa mwenzake? Na huyu wa pili, nani alimwambia utukufu wa Kurani ni mambo ya mazingaombwe?

Nimefundisha shule za msingi hadi kustaafu, na kipindi cha dini nakijua. Kengele ikigongwa, Waislamu chumba hiki, Wakatoliki kile, Walutheri chini ya mwembe, na ambao mwalimu wao hakufika wanapewa mafagio. Kikiisha wanarudi kwenye dawati lile lile. Mtoto anamaliza darasa la saba akiwa amegawana na mwenzake kalamu na mihogo ya kukaanga, lakini hajui kwa nini rafiki yake anafunga Ramadhani, wala yale majivu kwenye paji la uso siku ya Jumatano ya Majivu yana maana gani. Anachokijua amekiokota mtaani, na mtaani kunaokotwa mengi.

Suala la kuchinja nalo ni hivyo hivyo. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mchungaji mmoja aliuawa katika vurugu zilizotokana na mzozo wa nani achinje nyama ya kuuzwa. Kwa miaka mingi Waislamu ndio waliochinja nyama ya buchani na ya shughuli ili kila mtu ale, na wengi hawakuona tatizo. Ilikuwa desturi ya ujirani, lakini hakuna aliyekaa chini kuwaeleza waliozaliwa baadaye kwa nini iko hivyo. Mkristo kijana akaiona ni sheria ya dini ya watu anayobebeshwa. Mwislamu kijana naye akaona kuikataa ni kumdharau.

Kuna atakayeniambia mbona watu wanazijua dini za wenzao, hata aya wanazitaja kwa namba. Ni kweli. Sisi wa zamani tunaikumbuka mihadhara ya viwanjani, Biblia mkono huu na Kurani mkono huu. Elimu ile ilikuwa ya kumshinda mtu, na msikilizaji aliondoka na maneno ya kumrushia jirani. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalipovunjwa hapa Dar es Salaam, sisemi mihadhara ndiyo iliyofanya, lakini hali ya hewa ilikuwa imeshachafuka.

Kwa hiyo ninachopendekeza kina masharti. Kila muhula, kipindi kimoja cha dini watoto wasigawanywe. Ustadhi aeleze kuchinja, udhu na mazishi ya Kiislamu, katekista aeleze Kwaresima na ubatizo, watoto waulize. Kila mmoja aseme ya kwake tu. Hakuna kulinganisha, hakuna kualikana kusilimu wala kuokoka. Wazazi wanaotaka waje wakae nyuma wasikilize, maana hofu ya mama kwamba mtoto wake atavutwa dini nyingine ni ya kweli na isipuuzwe. Katiba yetu, ibara ya 19, imeacha kazi ya kueneza dini kuwa hiari ya mtu binafsi. Kumfahamu jirani ni jambo jingine, na nadhani hata somo la uraia lingelipokea.

Watu wazima tunahitaji darasa hilo pengine kuliko watoto. Nimeona msiba wa familia ya Kikristo mtaani kwetu ambako kina mama wa Kiislamu walikesha jikoni wakikuna nazi na kuchambua mchele. Asubuhi mjomba mmoja aliyetoka safari akachinja mbuzi mwenyewe, kwa nia njema, aone kazi imesogea. Mchana nusu ya waliopika walikunywa chai ya rangi wakaaga. Familia ikasema wametususia; wao wakasema tumedharauliwa. Yule mjomba hakuwa na habari, na nasikia mpaka leo hajaelezwa.

Mambo ya namna hiyo, pamoja na spika za alfajiri na mikesha ya kwaya, yanatosha ajenda ya mkutano wa mtaa. Viti na turubai vya msiba vipo, gharama ni chai. Namwomba mwenyekiti wa mtaa wetu, ambaye ni msomaji wa gazeti hili, aanze na la kuchinja.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam