Somo, nimepewa kazi ya kuimbisha

Mwanza, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na wanao na mama mkwe, ambaye nasikia magoti yake sasa yanamruhusu kwenda sokoni mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Nimekaa kimya muda mrefu, nawe vilevile, kwa hiyo tusidaiane.

Kilichonifanya nishike kalamu ni tangazo la Paroko. Kuanzia mwezi ujao, Jumapili moja ya kila mwezi wanakwaya watakaa kwenye mabenchi pamoja na waumini wengine, na jumuiya ndogondogo za mitaani zitapokezana kuimbisha Misa ya kwanza. Zamu ya kufungua imeiangukia jumuiya yetu, na kikaoni Mama Mapacha alinitaja mimi kabla sijamaliza chai yangu, eti kwa sababu niliwahi kuimba sauti ya pili pamoja nawe. Wewe unajua vizuri kwamba kuimba sauti ya pili, umejificha nyuma ya mgongo wa mtu mrefu, si sawa na kusimama mbele ya kanisa zima ukiinua mkono ili watu waitikie. Hata hivyo nimekubali, na tangu hapo sifikirii jambo jingine.

Watu wetu wameacha kuimba, Somo. Jumamosi alfajiri, tukisali nyumbani kwa mtu, kila mmoja anaimba, hata wale wasiojua maneno wanajaza kwa kuimba puani; lakini watu walewale wakiingia kanisani wanafumba midomo na kutazama kwaya kama wanaotazama mpira. Katekista anasema ni uvivu. Mimi sikubaliani naye. Kwaya yetu inaleta wimbo mpya karibu kila wiki, sauti nne zikipishana, na mpiga kinanda amefungua spika kiasi kwamba mtu haisikii sauti yake mwenyewe. Katika hali hiyo hata mimi ningenyamaza. Nimerudia kusoma ile Katiba ya Liturujia, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1963, namba 114, na humo imeandikwa kwamba kwaya zikuzwe kwa bidii, na papo hapo wachungaji wahakikishe kwamba waumini wote wanashiriki katika kuimba. Kwaya zetu zinaikumbuka nusu ya kwanza tu, hasa wakati wa kuomba fedha za sare.

Jambo jingine ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unapigiwa. Wimbo unaopanda hadi do ya juu, ukiupiga katika G, unamtaka mama aliyeamka saa kumi usiku kuwasha moto aifikie G ya juu, na wanaume wanaomfuata wanabaki kuchagua kati ya kupiga kelele na kunguruma. Ukiushusha hadi D, do hiyohiyo inakuwa mahali ambapo karibu kila mtu anafika bila kukaza shingo. Kinanda kina kitufe cha kushushia, lakini nilipomwomba mpiga kinanda akitumie, alinijibu kwamba wimbo ukishushwa unapoa. Nikamwuliza unapoa kwa nani, akacheka tu.

Nitakueleza nilikojifunza haya, maana sikuyapata kwenye semina. Tulipofiwa na yule mzee wa baiskeli, tulikesha pale uwanjani, na wimbo uliotufikisha asubuhi ulianzishwa na bibi mmoja aliyeketi mkekani karibu na mlango. Hakusimama wala hakuinua macho. Alikuwa akijipiga paja kwa kiganja, taratibu, na aliuanza wimbo chini kabisa, mahali ambapo mimi ningesema hapafai. Kila mtu aliingia. Kabla kiitikio chetu hakijaisha, yeye alikwisha kuanza mstari unaofuata, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya mtu kujiuliza kama aendelee au anyamaze. Walutheri wa nyumba ya pili waliitikia, na yule dada mpangaji aliyehamia kwa Mama Mapacha, ambaye hakuwa amezungumza na mtu tangu aje, alitoa sauti ya tatu safi kabisa. Kulipokucha alikuwa jikoni akimenya ndizi pamoja nasi, na hakuna aliyekumbuka kwamba ni mgeni.

Nikamkumbuka babu yangu, ambaye alikuwa akituhadithia juu ya ningi, yule mtunzi na mwanzishaji wa nyimbo kwetu Usukumani. Pale Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa Bulabo, sikukuu ya Ekaristi, Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanapocheza kwa wakati mmoja, kinachoshinda ni kikundi kilichovuta watu wengi upande wake. Ningi mwenye sauti nzuri ambaye watu wanamkimbia ameshindwa, basi. Na ni palepale padre David Clement, yule Mkanada, alipojenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma na kuziingiza ngoma ibadani; kwa hiyo wasituambie kwamba njia ya bibi yule haina nafasi kanisani.

Kwa hiyo mazoezi yetu nayaendesha hivi: naanza na kiitikio peke yake, bila karatasi, kipande kifupi ninachokiimba na wao wanakirudia, na beti nawaachia watu wawili au watatu. Nyimbo mpya sitaleta, isipokuwa wimbo wa katikati, ile zaburi ya baada ya somo la kwanza, ambao hubadilika kila Jumapili. Nimeomba kinanda kikae kimya, tubaki na ngoma moja na kayamba. Mpiga kinanda hanisalimii sasa, lakini hilo tutalimaliza. Linalonitia hofu ni ule wimbo wa matoleo: kanisa letu ni refu, walio nyuma wanachelewa, na mwishoni unakuta tunaimba nyimbo mbili kwa pamoja. Bibi yule alikuwa na watu wa uwanja mmoja tu.

Sasa nisaidie. Kwenye kanisa refu, unawashikaje walio nyuma: kwa mkono, kwa ngoma, au unamweka mtu wa pili katikati? Ukianzisha bila kinanda, unaipata wapi sauti ya kuanzia, nawe koo limekauka kwa woga? Je, wanaume wafundishwe peke yao kwanza, au hilo litawaogopesha zaidi? Kile kiitikio cha zaburi ulichokitunga mwaka ule, bado unacho, na unaweza kunishushia hadi D? Yule mwimba besi wetu aliyekuwa akisinzia kwenye wimbo wa Utukufu bado yuko huko kwenu, na je, anaweza kupanda basi aje atutie nguvu kwa wiki moja? Nauli nitalipa, chakula kipo, ila asije na wanawe wote.

Nijibu kabla ya Jumamosi ya mazoezi ya mwisho, hata kama ni kwa ujumbe wa sauti. Niimbie tu hicho kiitikio mara mbili, polepole.

Ni mimi, somo yako.