Barua ya malalamiko: Matairi mliyoniuzia kwa sifa ya ukimya yanavuma kuliko makuukuu niliyoyavua

Dar es Salaam,
11 Agosti 2025.

Meneja,
Kampuni ya Uuzaji wa Matairi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MATAIRI MANNE YA SAIZI 215/55 R17 NILIYOUZIWA TAREHE 7 JUNI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya tarehe 7 Juni nilifika dukani kwenu na Toyota Crown Royal Saloon ya mwaka 2010, nikanunua matairi manne kwa shilingi 520,000 kila moja, jumla shilingi 2,080,000, mbali na shilingi 60,000 za balansi na alaimenti. Nakala ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nimeiambatanisha. Kabla kijana wenu wa mauzo hajaniuliza hata saizi, nilimwambia kwamba ninachotafuta ni tairi lisilo na kelele, bei tutaongea baadaye. Nikamweleza na sababu.

Sababu ni baba yangu. Ana miaka 79, anaishi Morogoro, na kila mwezi namfuata kumleta kliniki Dar es Salaam kisha namrudisha. Sikio la kulia amevaa kifaa cha kumsaidia kusikia, na kifaa kile hakichagui: kinakuza sauti ya mtu, kinakuza na ya barabara. Zile kilomita 190 na kitu za Barabara ya Morogoro ndizo saa pekee tunazokaa wawili bila mtu wa kutukatiza. Amefanya kazi reli miaka mingi, na mengi ninayoyajua ya ujana wake nimeyasikia tukiwa kati ya Mlandizi na Chalinze.

Wapo wanaonunua Crown kwa sura yake. Mimi niliinunua kwa utulivu wake wa ndani. Ile injini yake ya V6 (silinda sita) ya lita 2.5, ukisimama kwenye taa nyekundu unaweza kudhani imezimika. Lakini gari la namna hiyo ndilo linalomfichua muuza tairi. Kwenye gari lenye injini ya kupiga kelele, mvumo wa tairi unafunikwa. Kwenye Crown hauna pa kujificha, unasikika wote.

Matairi niliyoyavua yalikuja na gari kutoka Japani: Yokohama ADVAN dB, na hizo herufi dB ni za desibeli, kipimo cha sauti, yaani tairi limepewa jina kwa kazi yake. Yalitengenezwa mwaka 2014 na kuta zake zilikuwa zimeanza kufanya nyufa, kwa hiyo kuyabadilisha ilikuwa lazima na sijutii. Niliomba kwanza hayohayo, au Bridgestone REGNO, au Michelin Primacy. Kijana akasema kwa saizi yangu hakuna hata moja, ila lipo jingine ambalo kwa ukimya ni zaidi ya hayo. Akanionyesha kwenye simu yake lebo ya Ulaya ya tairi hilo: desibeli 68, herufi A, ambalo ndilo daraja la kimya zaidi. Nilimwamini, nikalipa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kuyatoa yale makuukuu kwenye buti. Nililigeuza moja nikaona karatasi imenata kwenye kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara. Ilikuwa lebo ya matairi yenu mapya. Vijana wenu wa kufunga walipoibandua waliibandika hapo. Nikaifuta vumbi kwa kidole gumba. Saizi 215/55 R17, 98W, XL (hizo mbili za mwisho ni alama za uzito na mwendo ambao tairi linahimili). Kelele: desibeli 72, herufi B. Nikaingia kwenye tovuti ya mtengenezaji kutafuta ile 68 niliyoonyeshwa, nikaikuta. Ni ya saizi 205/55 R16, ambayo haiingii kwenye rimu zangu.

Muuza matairi anapaswa kujua kwamba kipimo cha kelele hutolewa kwa kila saizi peke yake. Tairi la jina moja na kashata za mchoro uleule laweza kuwa A kwenye saizi hii na B kwenye saizi ile. Tena tofauti ya 68 na 72 si ndogo kama inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu desibeli 3 tu ni nguvu ya sauti mara mbili. Na lebo yenyewe hupima kelele ya nje: gari linapita likiwa limezimwa injini, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kipaza sauti kikiwa mita 7.5 pembeni. Kwa anayetafuta ukimya wa ndani ya gari hapo ndipo pa kuanzia tu. Inabaki kuuliza kama kashata zimekatwa kwa vipimo tofauti tofauti ili zisigonge lami kwa mdundo mmoja, kama ukuta ni laini au mgumu, kama ndani mna sponji ya kumeza mlio wa hewa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililozungumzwa dukani kwenu. Nilionyeshwa namba, na namba yenyewe ilikuwa ya tairi jingine.

Kuna la pili, na hili limeniuma zaidi kwa sababu ni la uzembe mtupu. Baada ya kuona lebo nilichukua tochi nikachuchumaa, nikayasoma matairi yote manne moja baada ya jingine. Matatu yana neno OUTSIDE upande wa nje, inavyotakiwa. La nyuma kulia lina neno INSIDE, limenitazama usoni. Limefungwa kinyume. Matairi haya mchoro wake wa ndani na wa nje si sawa, na kila upande una kazi yake, ikiwamo kutoa maji mvua inaponyesha. Maana yake nimembeba mzee wa miaka 79 kwenye barabara kuu na tairi lililogeuzwa. Tairi hilohilo lina tarehe 4020, wiki ya 40 ya mwaka 2020. Wenzake watatu ni wa mwaka 2023. Niliuziwa manne kwa bei moja kama yametoka mzigo mmoja. Picha za tarehe zote, ya lebo na ya hilo neno INSIDE zimo kwenye viambatisho.

Nimewapigia simu mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa matairi mapya huvuma hadi yazoee barabara, nivumilie kilomita 1,000. Nimeshatembea zaidi ya 2,900. Mara ya pili niliambiwa si matairi, ni beringi, nilete gari mbadilishe mbili za mbele kwa gharama yangu. Fundi wangu aliliinua gari kwa jeki, akazungusha gurudumu moja moja kwa mkono, hakukuta beringi mbovu. Hata bila jeki, anayeendesha anaweza kutofautisha. Beringi iliyokufa huvuma hivyohivyo kwenye lami ya aina yoyote, na ukilielemeza gari kushoto au kulia mlio unabadilika. Kwangu nikikata kona hakibadiliki kitu, ila nikitoka kwenye lami laini kuingia iliyotokeza kokoto, mvumo unapanda palepale. Hayo ni matairi. Mara ya tatu simu haikupokelewa.

Sikutaka kuwalaumu kwa masikio yangu peke yake. Kaka yangu ana Crown kama yangu, ya mwaka huohuo, na matairi ya Kijapani yaliyokuja nayo. Jumapili moja asubuhi tuliyapeleka magari yote mawili kwenye kipande kimoja cha lami baada ya Kibaha: upepo sawa kwenye matairi, vioo juu, feni ya AC imezimwa, mwendo 80, simu moja yenye programu ya kupima sauti ikiwa mahali pamoja kati ya viti. Gari lake lilisoma 62, langu 68. Najua simu si kifaa cha maabara. Lakini simu ni ileile na barabara ni ileile, na kilichotofautiana ni hayo matairi.

Safari ya mwezi Julai, tulipoipita Kibaha, baba alikivua kile kifaa sikioni akakishika kiganjani hadi tulipofika nyumbani. Nilimuuliza kama kinamuumiza. Hakunisikia.

Ninachodai ni kurudishiwa shilingi 2,080,000 zangu na ninyi kuyachukua matairi yenu, au kufungiwa mengine manne ya saizi yangu ambayo lebo yake, ya saizi hiyohiyo, haizidi desibeli 69, yenye tarehe zinazolingana, nami niisome lebo kabla halijavuliwa hata tairi moja. Ikiwa bei itazidi kidogo niko tayari kuongeza. Sitakubali lile lililofungwa kinyume ligeuzwe tu, kwa sababu likigeuzwa litabaki na desibeli zake 72. Zile 60,000 za balansi na alaimenti nazo nazidai, kwa kuwa kazi italazimika kurudiwa upya.

Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kuutegemea utaalamu wake. Mimi niliwaeleza. Kuonyesha kipimo cha bidhaa moja ili kuuza nyingine ni jambo linaloihusu Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sijapeleka malalamiko huko, kwa sababu naamini meneja atakayezitazama picha hizi mwenyewe atalimaliza jambo hili dukani. Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii.

Naomba pia, bila kumtafutia ubaya, mzungumze na kijana wa mauzo. Alinikaribisha vizuri na sidhani alikusudia kunidanganya. Nadhani hakuwahi kufundishwa kusoma ile lebo. Angeniambia hajui, ningeyasubiri ya kuagiza hata mwezi mzima.

Kliniki ijayo ya baba ni Alhamisi, tarehe 28 Agosti, na nitatoka Dar es Salaam siku moja kabla kumfuata. Gari naweza kulileta siku yoyote kabla ya hapo, asubuhi mnapofungua.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja wenu,
Mmiliki wa Toyota Crown Royal Saloon.