Ofa yenye masharti bado si nafasi chuoni

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako kwa ajili ya wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo. Kila msimu wa udahili watu hupongezwa kwa barua ambazo hawajazisoma hadi mwisho. Ofa yenye masharti haimpi mwombaji nafasi. Inamwambia kilichobaki ili aipate.

Sharti la matokeo huwakwaza wanaohitimu mwaka huohuo. Barua ikidai cheti, matokeo ya muda hayatoshi, na vyuo vingine hutaka hati itoke moja kwa moja kwa msajili wa chuo ulikosoma. Cheti kikichelewa, uliza mapema kama barua rasmi ya kuthibitisha kuhitimu itakubaliwa.

Kwenye Kiingereza ndiko wengi huanguka. Ukiambiwa upate 6.5 kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na kila stadi isipungue 6.0, jumla ya 7.0 haikusaidii ikiwa kuandika umepata 5.5. Matokeo hayo nayo hudumu miaka 2 tu, na si kila chuo hupokea mtihani uliofanyiwa nyumbani.

Kwa wanaokwenda Uingereza, masharti yamefungamana na viza. Kwa kawaida chuo hakitoi CAS, yaani uthibitisho wa udahili ambao bila huo huombi viza ya mwanafunzi, mpaka yote yatimie. Fedha za kuonyesha kwenye ombi la viza lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Anayesubiri CAS ndipo aanze kutafuta fedha amekwisha kupoteza karibu mwezi, na masomo hayamngoji. Angalia pia jina: likiandikwa tofauti kwenye pasipoti na kwenye cheti, lishughulikie sasa.

Waombaji wa shahada ya kwanza kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, huchagua chuo kimoja cha kwanza na kingine cha akiba. Cha akiba chenye masharti magumu kuliko cha kwanza ni kazi bure, lakini kosa hili hurudiwa sana.

Malipo ya awali yalipwe kupitia mfumo wa chuo chenyewe, kamwe si akaunti ya wakala. Soma kanuni za kurejeshewa kabla ya kulipa: vyuo vingi hurudisha ukinyimwa viza, ila si pale nyaraka zinapobainika kuwa za kughushi.

Ukiona tarehe ya mwisho itakupita, andikia ofisi ya udahili kabla haijafika, ukitaja namba yako ya ombi. Chuo kinaweza kusogeza tarehe, kukupa kozi fupi ya Kiingereza kabla ya masomo, au kuahirisha ofa hadi mwaka unaofuata. Asiyeandika huondolewa kwenye orodha.

Mshauri wa udahili