Firigisi ya Krismasi

Walukuba, Jinja
27 Desemba

Mpendwa dada yangu Mama Achieng,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, Mzee naye yupo, goti tu ndilo halijamwacha. Ujumbe wako wa Novemba niliupata, ukiuliza kama nimekukasirikia. Hapana, dada. Nilikuwa na jambo moyoni, sikujua nilianzie wapi. Sasa limekwisha, na nimeona afadhali niandike, maana kwa simu salio lingekatika kabla sijafika kwenye firigisi.

Ni hivi. Nekesa alipiga simu kutoka Dubai, akasema anakuja Krismasi, na kwamba yeye na ndugu zake wamekubaliana chakula kiagizwe hotelini, Mama apumzike. Alisema kwa upendo, najua. Lakini simu ilipokatika nilikaa jikoni mpaka giza likaingia. Miaka 36 nimefunga luwombo, nyama na mchuzi wake ndani ya jani la mgomba, kila Krismasi katika nyumba hii. Hata ule mwaka wa nusu kilo ya nyama kwa watu wote, wewe ndiye uliyeniletea karanga, unakumbuka? Nikaona kama naambiwa kazi yangu imekwisha. Sikumwambia mtu, hata Mzee.

Wandera ndiye aliyehisi. Alipita Jumamosi moja akitoka Kampala, akauliza mbona sijaanza kutafuta jogoo. Nikamjibu, muulize dada yako. Waliyozungumza siyajui, ila usiku ule walinipigia wote watatu: Mama, tutapika nyumbani, na tutapika na wewe. Wavulana pia.

Mzee alikunja uso. Kwao Busia mwanamume hakai kwenye mafiga. Wandera akamwambia kwa adabu kwamba luwombo yenyewe inasemekana ilibuniwa na mwanamume, Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887. "Baba, mpishi wa Kabaka alifunga majani, mimi ni nani nikatae?" Mzee akachukua redio yake akaenda kukaa nje.

Basi tarehe 24 jioni tukaanza na majani. Wewe unajua jani la luwombo halitaki haraka. Unatafuta changa ambalo upepo haujalichana, unalibabua juu ya moto polepole mpaka ling'ae na kulegea kama kitambaa kilicholowa, kisha unaparua uti wake kwa kisu bila kulitoboa. Likitoboka, mchuzi wote unaishia chini ya sufuria. Mwanangu Ouma alitoboa manne. La tano akaliinua kwenye taa, akanionyesha upande huu na upande huu kama muuza kitenge. Halikuwa na hata tundu la sindano.

Asubuhi Wandera alimenya matoke mkungu mzima, mikono ikawa nyeusi kwa utomvu. Nekesa alimkausha jogoo kwenye sigiri hadi akashika moshi, akakoroga karanga za kusaga na uyoga mkavu. (Jogoo mwenyewe nilimnunua Amber Court kwa shilingi 60,000. Krismasi hawana huruma.) Mkewe Wandera akapanga vikonyo vya majani chini ya sufuria, na vifurushi sita juu yake. Kanisani tulikwenda kwa zamu, moto usiachwe peke yake.

Sasa sikiliza. Kifurushi cha Mzee huwa nakifunga mafundo mawili, ili firigisi imfikie yeye. Safari hii alifunga Ouma, na vyote akavifunga sawasawa. Mimi nilikuwa naponda matoke, sikuona. Tukakaa mkekani, kila mtu na chake, na mimi nimekaa! Dada, miaka yote hiyo nilikuwa nakula mwisho, chakula kimepoa, nimesimama mlangoni nikiangalia nani anahitaji nini. Juzi nilifungua jani langu mvuke ukanipiga usoni.

Nekesa akafungua lake, akanyamaza. Firigisi ilikuwa kwake. Tukamtazama Mzee sote. Mzee akaiangalia ile firigisi, akamwangalia binti yake, akasema, "Kula, itapoa."

Nekesa akaigawa kwa vidole, nusu akaiweka kwenye sahani yangu.

Nimepika firigisi ngapi, Mama Achieng? Sikuwahi kujua ladha yake. Ni ngumu kidogo, tamu, inanukia moshi. Nikamkumbuka mama yangu, maana kwetu Buganda zamani mwanamke hakula kuku wala yai. Mimi mwiko huo uliniishia shuleni, lakini yeye aliushika hadi mwisho. Alikuwa anachinjiwa, ananyonyoa, anafunga majani, anapakua, halafu yeye anakula matoke na karanga. Amekufa hajaonja hata kuku mmoja kati ya wale aliowapika. Ile nusu ilinikaa mdomoni muda mrefu. Ouma akadhani imenishinda meno.

Nekesa anarudi Dubai tarehe 4. Ananiomba nimfundishe kubabua majani vizuri zaidi kabla hajaondoka, ingawa huko jani lenyewe atalipata wapi sijui. Nitamfundisha hivyo hivyo.

Na wewe, Krismasi ya Kisumu ilikuwaje? Achieng alikuja na watoto? Yule wa pili ameacha kukohoa? Mama Sabiti amekupigia, au bado ni yale yale ya mashine ya kushonea? Pasaka utakuja? Mzee mwenyewe ameuliza, na Ouma amesema ataendesha gari hadi mpakani kukuchukua. Na jambo moja nimekuwa nikitaka kukuuliza tangu juzi: mama yako, yeye alikula kuku? Na nyumbani kwako firigisi anakula nani?

Ni mimi ndugu yako,
Mama Wandera