Kifua kinauma leo, tarehe ya kipimo ni mwezi ujao

Mhariri,

Mgonjwa wa kifua huku Lamu hupewa karatasi ya rufaa, akatajiwa tarehe, kisha akaambiwa neno moja: subiri. Namna ya kusubiri haelezwi. Sisi ni wauguzi wawili na kazi yetu ya kila siku ni wagonjwa wa presha, kisukari na moyo. Tunaandika kwa sababu wiki hizo za kungoja ndizo zinazojaa makosa, na mengi kati ya makosa hayo yanazuilika nyumbani.

Tuanze na kipimo cha umeme wa moyo, ECG, maana ndicho cha kwanza na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Karatasi ile ya kawaida huandika sekunde kama 10 tu za maisha yako. Mishipa inayoulisha moyo yaweza kuwa imeziba zaidi ya nusu, na ukiwa umelala kitandani umetulia, karatasi ikatoka safi kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa "ECG yako ni nzuri", usielewe kwamba moyo hauna kitu. Elewa kwamba kwa sekunde hizo, ukiwa umepumzika, mashine haikuona kitu. ECG moja iliyopigwa maumivu yakiwapo hufaa kuliko tano zilizopigwa yalipokwisha kuondoka. Maumivu yakirudi na kituo kiko karibu, usiangalie tarehe ya rufaa. Nenda wakati huo huo, na umwombe anayekupima aandike juu ya karatasi saa, neno "anaumwa sasa", na ukali wa maumivu kati ya 0 na 10.

Siku hiyo usipake mafuta ya nazi kifuani. Vibandiko ni 10, vinne vya mikono na miguu na sita vya kifua, na ngozi yenye mafuta au jasho huviachia, mistari ikatoka inatetemeka hata daktari asijue asome lipi. Mwanamume mwenye nywele nyingi kifuani akubali kunyolewa sehemu ndogo. Kina mama wavae gauni linalofunguka mbele, wachukue na leso ya kujifunika, na wasione haya kudai pazia na muuguzi wa kike. Haya hiyo ndiyo inayofanya vibandiko vibandikwe mahali pa karibu karibu tu. Viwili vya kwanza vya kifua mahali pake ni nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto mwa mfupa wa kidari. Kosa la kila siku ni kuvipandisha juu mno, na hapo karatasi yaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo. Waya za mikono zikipishana, hali ni hiyo hiyo.

Kisha karatasi yenyewe. Mashine nyingi hutumia karatasi inayochapwa kwa joto, sawa na risiti ya benki. Ukiikunja ukaitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba uliokaa juani, baada ya miezi michache daktari wa Mombasa atafungua karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyo hiyo kwa simu, mwanga ukitoka ubavuni, mistari yote ikionekana pamoja na tarehe. Toa na kopi ya kawaida, maana kopi haififii. Daktari wa moyo hufurahia karatasi ya zamani, kwa kuwa swali lake la kwanza ni kama mistari imebadilika.

Upo wakati ambao kungoja ni hatari. Maumivu ya kubana au kukandamiza katikati ya kifua, kama gunia la mchele limewekwa hapo, yakipita dakika 15 umekaa kitako, hiyo ni dharura hata kama miadi yako ni kesho asubuhi. Ni dharura pia yakipanda shingoni au tayani, yakishuka mkononi, wa kushoto au yote miwili, au yakija na jasho la baridi, kichefuchefu, kizunguzungu au pumzi kukatika. Na hili wengi hulikosa: maumivu yaliyokuwa yakija ukipanda ngazi tu, na sasa yanakukuta umekaa barazani. Mabadiliko hayo peke yake yanatosha kukutoa kwenye foleni. Wazee, kina mama na wenye kisukari huenda wasiumwe kifua hasa. Husikia uchovu wa ghafla, au uzito kwenye chembe cha moyo, wakaambiwa ni gesi na kupewa chai ya tangawizi.

Hapo swali la pili ni usafiri. Kwa mtu wa Mkomani, mtaa wa hapa mjini Lamu, hospitali ni safari ya mkokoteni wa punda. Kwa mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, au wa Kiunga ni suala la bahari, na bahari ya kusi, ule upepo mkali wa kusini, haisikii rufaa. Andikeni nambari tatu ukutani, si kwenye simu ya mgonjwa, kwa sababu simu yake ina nywila na yeye ndiye asiyeweza kusema: nahodha mwenye boti ya mashine anayejua maji yanapwa saa ngapi, kituo cha afya kilicho karibu, na jirani mwenye nguvu za kubeba. Mgonjwa asitembee kwenda gatini, hata akisema anaweza. Kila hatua huudai moyo damu ambayo mishipa haiwezi kuifikisha. Kiti cha plastiki chenye mikono, watu wawili wakikishika, hupita vichochoro ambavyo machela haigeuki. Ndani ya boti akae nusu ameegemea, magoti yamekunjwa, karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, si omoni, mbele, ambako kila wimbi humrusha. Anayehema asilazwe chali.

Kabla ya kuondoka, piga simu kituoni uulize kuhusu aspirini. Kwa mtu mzima anayeshukiwa mshtuko wa moyo kiasi ni miligramu 300: kidonge kimoja cha 300, au vinne vya 75. Atafune, asimeze kizima, kwa kuwa kilichotafunwa huanza kazi mapema. Asipewe mwenye mzio wa aspirini, mwenye pumu inayochokozwa na aspirini, anayetapika damu au kupata choo cheusi, wala yule ambaye maumivu yamemjia ghafla kama kitu kinachochanika hadi mgongoni. Huyo wa mwisho anaweza kuwa amepasuka ukuta wa mshipa mkuu, na aspirini itamzidishia.

Waliopewa vidonge vya naitroglisarini vya kuweka chini ya ulimi wakae chini kwanza, maana vinashusha presha na mtu aliyesimama huanguka. Kimoja, ngoja dakika 5. Maumivu hayajapungua? Watu waanze kutafuta boti, naye aweke cha pili. Visizidi vitatu kwa dakika 15. Vidonge hivi vibaki ndani ya chupa yake ya kioo cheusi, kifuniko kimekazwa. Vilivyohamishiwa kwenye karatasi au kipakiti cha plastiki, vikatembea mfukoni kwenye joto letu hili, hupoteza nguvu upesi. Chupa ikifunguliwa andika tarehe juu yake, na baada ya wiki 8 omba nyingine.

Na wanaume, tusifichane. Aliyemeza sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, asiguse kidonge hicho cha chini ya ulimi ndani ya saa 24, na aliyemeza tadalafili, ndugu yake, angoje saa 48. Vikikutana, presha huporomoka na mtu hafiki gatini. Unga na asali za "nguvu" zinazouzwa kama miti shamba wakati mwingine huwa zimechanganywa na dawa hizo hizo kimyakimya. Mwambie daktari ukweli hata kama mke au mama mkwe yumo chumbani. Mwombe huyo wa nyumbani atoke.

Tukirudi kwa walio wengi: kifua kikiuma si lazima iwe moyo. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayozidi ukibonyeza hapo au ukigeuka kitandani, mara nyingi ni ya mbavu na misuli. Wavuvi wanaovuta nyavu na wabeba mizigo wa gatini wanayajua. Yanayochoma baada ya wali wa nazi na viazi karai, yakapanda kooni ukilala, huwa ni kiungulia: usilale kabla ya saa tatu kupita tangu ule, na inua kichwa cha kitanda. Yanayochoma upande mmoja kama moto, kisha baada ya siku chache vikatokea vipele, ni mkanda wa jeshi. Kichomi chenye homa na kikohozi kinataka picha ya mapafu. Pumzi ikikatika ghafla na muundi mmoja umevimba, hasa kwa mzazi mpya au aliyetoka safari ndefu ya basi, yaweza kuwa donge la damu mapafuni, na hiyo nayo ni ya kukimbilia.

Ila msijipime kwa dawa. Kifua kikitulia baada ya dawa ya asidi si ushahidi kwamba moyo ni mzima, na kikitulia kwa kidonge cha chini ya ulimi si ushahidi kwamba ni moyo, maana koo la chakula likikaza nalo huachia kwa kidonge hicho. Sindano ya diklofenaki inayochomwa dukani ndiyo mbaya zaidi: huficha maumivu, huchokoza vidonda vya tumbo, na kwa mwenye mishipa mibovu huongeza hatari yenyewe ya moyo. Kusomewa dua si kosa, lakini mgonjwa asomewe akiwa njiani kwenda hospitali.

Nunua daftari la kurasa 32. Kila maumivu yakija andika tarehe, saa, ulikuwa ukifanya nini, yalianzia wapi, yalikwenda wapi, yalidumu dakika ngapi kwa saa ya simu, na nini kiliyatuliza. "Jumanne saa 1 asubuhi, nabeba mtungi wa lita 20 ngazi ya pili, kubana katikati, dakika 4, yakaisha nilipokaa." Mstari kama huo humpa daktari mengi kuliko nusu saa ya maelezo ya "huuma uma tu". Kama una mashine ya presha, kaa dakika 5 miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, nusu saa tangu kahawa au sigara, kisha pima mara mbili kwa kupishana dakika moja. Asubuhi na jioni, basi.

Basi, kweli. Mtu anayeshika mshipa kila dakika kumi huuamsha yeye mwenyewe. Hofu huongeza mapigo, hubana kifua, hutia ganzi vidoleni na kuzunguka midomo kwa sababu ya kupumua haraka, na dalili hizo huzaa hofu nyingine. Ukishahakikisha kwamba hakuna zile dalili za hatari tulizotaja, kaa, vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6, kwa dakika 5. Hofu si unafiki wala si jini, na hofu pia si kinga: mwenye wasiwasi naye hupatwa na mshtuko wa moyo.

Hadi majibu yatoke, tembea mahali tambarare kwa mwendo unaoweza kuzungumza, na simama kabla maumivu hayajaanza. Maji yabebwe na wengine. Kwenye nyumba zetu za ghorofa zenye ngazi za kusimama wima, hamia chumba cha chini. Miraa na muguka viache kabisa, kwani hupandisha presha na kubana mishipa ile ile unayotaka ipimwe, na sigara vivyo hivyo. Dawa za presha usiziache ghafla kwa sababu "nangoja kipimo". Ramadhani ikiangukia katikati, muulize daktari kama ufunge na dawa zihamie futari na daku. Ukifunga, fungua kwa tende na maji, uswali, kisha ule kidogo. Futari nzito kwa mkupuo ni kazi ngumu kwa moyo wenye njaa ya damu.

Kuhusu vipimo vyenyewe, jambo moja. Eko, ile picha ya moyo kwa ultrasaundi, huonyesha vali na nguvu ya kusukuma damu. Haioni ndani ya mishipa inayoulisha moyo. Kijana aliyewahi kuumwa koo na kuvimba viungo anaihitaji sana, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuwa umeharibu vali. Mzee anayebanwa akipanda ngazi aweza kuambiwa eko ni safi na bado akahitaji kupimwa akitembea kwenye mashine, au kupigwa picha ya mishipa kwa dawa ya rangi. Kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia, nacho kikichukuliwa mapema sana huweza kutoka safi. Kama maumivu yameanza saa moja iliyopita, uliza kitarudiwa saa ngapi.

Kwa wasimamizi wa hospitali za kaunti, ombi letu ni dogo. Kila anayepimwa ECG aondoke na kopi yake. Nyuma ya karatasi ya rufaa yaandikwe mambo matatu kwa Kiswahili: tunashuku nini, ameze nini, na arudi mbio akiona nini. Na kwa watu wa Pate na Kiunga, eko na daktari viwekwe siku moja, tena asubuhi yenye maji mengi. Mgonjwa wa kifua asilipe boti mara mbili na kulala gatini kwa sababu daftari la miadi halikutazamwa pamoja na maji.

Wauguzi wawili,
Langoni, Lamu